"Beberu mliyeniuzia hakui": ukubwa wa beberu hutoka wapi

Lalamiko hili halikatiki. Mteja amechukua beberu wa mbegu ya Galla wa miezi 10 mwenye kilo 28, miezi michache baadaye anamlinganisha na beberu wa jirani na kuona ametapeliwa. Kabla ya kudai fedha, tunaomba kitu kimoja: fungua midomo ya wote wawili.

Meno ya mbele ya mbuzi ni 8 na yote yako taya la chini. Ya maziwa ni madogo na membamba. Jozi ya kwanza ya kudumu, ile ya katikati, huota akiwa na mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ya pili huja akikaribia miaka 2, ya tatu kati ya miaka 2 na nusu na 3, na ya pembeni kabisa kati ya miaka 3 na 4. Beberu wa jirani akiwa na jozi tatu na wako bado ana meno ya maziwa, hao hawalinganishwi. Beberu hujenga mifupa na misuli hadi kama miaka 3, kisha ndipo mwili hutulia.

Baada ya umri, uliza mbegu. Beberu wa kienyeji aliyekomaa mara nyingi huwa na kilo 30 hivi, na aina nyingine, kama mbuzi wa Newala, ni wadogo zaidi. Galla, mbuzi wa kaskazini mwa Kenya na Somalia, hufika kilo 60 hadi 70. Boer wa Afrika Kusini anaweza kupita kilo 90, lakini kwa malisho ambayo wafugaji wengi hawana. Ukimpeleka Boer kwenye malisho makavu ya Dodoma bila chakula cha ziada, atakonda, na Galla atampita kwa afya. Mteja anayesisitiza Boer huku hana shamba la majani, tunamwambia hivyo waziwazi, hata kama tunapoteza mauzo.

Hapa ndipo njia ya mkato inapowagharimu watu. Mnadani kuna chotara wa Boer na kienyeji, mnene, kifua kipana, bei nusu ya beberu wetu. Mtu anamnunua awe beberu wa mbegu. Chotara huyo ana nusu ya damu ya Boer, na sehemu ya unene wake ni nguvu ya uchotara wenyewe, ambayo hairithishwi kama ilivyo. Akipanda majike ya kienyeji, watoto wanabaki na robo tu ya Boer. Wengine watatoka wakubwa, wengine watarudi kuwa wadogo kama bibi zao, na mfugaji atakuwa amepoteza miaka miwili kulijua hilo. Kwa kuchinja, chotara ni mnyama mzuri sana. Kwa mbegu, nunua beberu halisi.

Mbaya zaidi ni kumwacha beberu huyohuyo zizini hadi apande binti zake. Mtoto wa baba na binti huzaliwa hafifu na hukua polepole. Binti yake wa kwanza akifikia kupandwa, beberu aondoke. Badilishana na mfugaji wa kijiji kingine.

Nusu ya ukubwa, kwa maoni yetu, huamuliwa kabla mnunuzi hajamwona mnyama. Jike lililokosa chakula wiki 6 za mwisho za mimba huzaa kitoto chepesi na hutoa maziwa machache. Kitoto cha kilo 3 kinahitaji angalau mililita 300 za maziwa ya mwanzo ndani ya saa 24, na sehemu kubwa ndani ya saa 6 za kwanza. Pacha aliyesukumwa mbali na chuchu na mwenzake huanza nyuma, na kumfikia mwenzake si rahisi. Ndiyo maana katika daftari letu kila beberu ana uzito wa kuzaliwa, kama alikuwa pacha, na uzito wa kuachishwa. Mnadani hayo huyapati.

Kisha kuna kumtumia mapema. Dume la miezi 5 linaweza kupanda, na wengi huliruhusu. Beberu kwenye majike yenye joto husahau kula. Hukimbia, hunusa, hupigana, na chakula kilichopaswa kujenga mabega kinaishia hapo. Kabla ya mwaka mmoja asipewe zaidi ya majike 10. Aliyekomaa anatosha majike 25 hadi 30. Mwanzie nusu kilo ya chakula cha ziada kwa siku wiki 7 kabla ya msimu, kwa sababu mbegu za kiume huchukua takriban muda huo kukomaa.

Lakini chakula hicho kisiwe pumba tupu. Pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na beberu anayeishi kwa pumba hupata vijiwe vya mkojo. Utamwona amenyoosha miguu ya nyuma, anajikamua, mkia unatikisika, na mkojo unatoka matone. Huyo ni wa daktari siku hiyohiyo. Kibofu kikipasuka umempoteza. Changanya pumba na mashudu ya alizeti, weka gramu 20 za chokaa ya mifugo kwa kila kilo, mpe majani ya lukina (mti wa malisho), jiwe la chumvi na maji safi muda wote.

Kuhusu minyoo, kosa kubwa ni dozi ya makisio. Minyoo 1,000 ya tumboni inayonyonya damu huweza kuchukua kama mililita 50 kwa siku. Mtu anamkadiria beberu kilo 40, kumbe ana 55, dawa inapungua, minyoo inabaki na kuizoea. Pima kwa futi ya kushonea: zungusha nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Mzunguko mara mzunguko mara urefu, kwa sentimita, gawa kwa 10,840. Mzunguko wa 90 na urefu wa 80 ni karibu kilo 60. Vuta pia kope ya chini: utando uwe mwekundu, ukiwa mweupe, anaishiwa damu.

Sasa bei, na kwa nini hatuipunguzi. Kuanzia kuachishwa akiwa na miezi 3 hadi mwaka mmoja, gramu 300 kwa siku ni zaidi ya kilo 80 za chakula cha ziada kwa kila dume. Maziwa ya mama hatukamui. Madume yanayoshindwa uzito au yenye korodani ndogo huhasiwa na kuuzwa nyama, kwa hasara yetu. Hakuna punguzo linalofidia hayo.

Ukiwa na lalamiko, tutumie picha ya meno, vipimo viwili vya futi, tarehe ya dawa ya mwisho na idadi ya majike aliyopewa. Tutafungua daftari lake na kujibu kwa namba.