Shukrani kwa wahudumu wa treni, Jumamosi saa 10 jioni

Habari za jioni wapendwa, na poleni tena. Zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar hadi Kigoma si mchezo, mie miguu bado imevimba.

Tulikubaliana tukiwa behewani kwamba wale wahudumu hatuwaachi hivihivi. Bibi yetu alipozidiwa usiku, tumeshapita Itigi, yule dada wa behewa alileta maji ya moto kwenye chupa yake mwenyewe ya chai, akamwombea kitanda cha chini, na kila stesheni akawa anarudi kumchungulia. Tabora napo alimwahi kijana wetu akipanda mabehewa ya Mwanza na soda yake mkononi!

Sasa basi:

1. Mchango ni 5,000 kila mmoja, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2 usiku. Aliyekwama anifuate pembeni, tutaelewana.
2. Zawadi ni samaki, migebuka ya kukausha, na dumu la mawese. Akina mama wa Ujiji wanunue, mie sokoni huwa napigwa bei.
3. Mwalimu aandike barua ya pongezi kwa mkuu wa stesheni, ataje tarehe na namba ya behewa. Bahasha ya pesa hapana, isije ikamletea dada wa watu maneno.
4. Tukutane Jumamosi hiyo saa 10 jioni mbele ya stesheni ya Kigoma.

Naomba kila mtu ajibu NAKUJA au SIJI kabla ya kesho mchana. Dole gumba silihesabu.