Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: yule askari uliyetuahidi yuko wapi?

Mheshimiwa,

Shikamoo. Kwa umri nadhani nakuzidi, ila cheo nacho kina umri wake, kwa hiyo ipokee.

Yah: askari wa kusimamisha magari usiku.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva wa brekidauni kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, kile kipande kinachopita wilayani kwako. Wilaya siitaji, bado natafuta riziki humo humo. Wewe mwenyewe utajijua.

Usiku wa kuamkia Jumamosi iliyopita nilipigiwa simu kutoka kituo cha polisi nikaondoe lori lililokwama kwenye kona, limebeba shaba ya Kongo kuelekea bandarini. Propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye matairi ya nyuma, ilikuwa imekatika na upepo umekwisha. Hili la upepo nalieleza kwa sababu uliwahi kuniuliza mbele za watu kwa nini tunachukua saa nzima kuvuta kitu chenye matairi. Mheshimiwa, breki za malori haya huachiwa na upepo. Upepo ukiisha, springi zinazibana, na matairi yote hayo unayoyaona hayasogei hata kwa dua. Mtu lazima aingie uvunguni azilegeze moja moja kwa spana, au tuunge mpira wa upepo kutoka kwenye gari langu. Hata propela ikiwa nzima tunaifungua, maana ukilivuta lori nayo, giaboksi inazunguka bila oili kupanda na inaungua njiani. Lori lenye mzigo kamili linaruhusiwa kufika tani 56. Waya wa winchi ukikatika ukiwa umebeba uzito wa namna hiyo, aliyesimama karibu haulizwi jina.

Kwa hiyo kijana wangu wa kazi alikuwa uvunguni, mimi niko kwenye winchi. Magari yalikuwa yanasimamishwa na nani? Na majani. Matawi tuliyokata porini tukayatandaza lami, pembetatu mbili, na taa yangu ya njano inayozunguka. Ndiyo idara nzima ya usalama iliyokuwepo pale. Fuso likaja na mwendo wake, likapita juu ya majani, likaigonga brekidauni kwa nyuma ikasukumwa hadi kwenye lori. Kijana amevunjika mguu. Ana mke na mtoto mchanga, na alikuwa amebakiza kidogo tu kupata leseni yake ya magari makubwa.

Askari walifika kulipokucha. Wakapima, wakaandika, wakaipeleka brekidauni yangu yadi, eti kwa uchunguzi. Mimi nikaulizwa kwa nini niliziba njia. Mimi, niliyeamshwa usiku ili niizibue.

Sasa nikukumbushe. Kilele cha Wiki ya Nenda kwa Usalama ulisimama jukwaani ukasema kuwa kila brekidauni ikiitwa usiku, askari wawili watatangulia kusimamisha magari pande zote mbili. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Ukatugawia vizibao vya reflekta vyenye maandishi mgongoni, tukapiga picha na wewe katikati. Changu ninacho. Kinang'aa vizuri sana, hongera kwa aliyekinunua. Ijumaa ile nilimfunika nacho kijana wakati tunasubiri gari la kumpeleka hospitali.

Kwa nini ahadi ile imekufa, kila mtu ana lake. Wapo wanaosema gari la doria halina mafuta. Naamini nusu, kwa kuwa mchana mafuta yanapatikana na tochi za mwendokasi hazikosekani pale kwenye mteremko. Wapo wanaosema kuna brekidauni ya mkubwa fulani inayoitwa kwenye kazi za mchana zenye malipo ya papo hapo, na sisi wengine tunaachiwa za usiku. Hilo siwezi kulithibitisha, nalitaja kama linavyosemwa. Mimi nahisi tatizo ni kwamba hatumo kwenye fungu la mtu. Si zimamoto, si polisi, si watu wa barabara. Tunakumbukwa foleni ikifika kilomita kadhaa na kiongozi mmoja yumo ndani yake.

Maana askari wapo. Lori la mafuta likilala wanajaa, na wana haki. Hakuna aliyesahau Msamvu pale Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kwa moto wa lori la petroli lililopinduka, wengi wakiwa wamekwenda kuchota. Lakini shaba hailipuki, basi anayeivuta ajitegemee? Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, barabara hii haina saa ya kupumzika. Zamani saa nane usiku ulipishana na malori tu, na dereva wa lori ukimwashia taa anaelewa.

Malipo nayapitia haraka, yananichefua. Kituo kikiniita, mwenye gari anasema hakuniita yeye. Bima inasema ilete risiti, ilete ripoti, rudi wiki ijayo. Dizeli ya kwenda na kurudi nimekwisha kulipa.

Utauliza, si uiache basi? Kazi hii imesomesha wanangu, Mheshimiwa. Pia ina raha yake ambayo ofisini sidhani kama inafika. Kuna dereva wa Lubumbashi niliyemtoa mtaroni alfajiri, amelala siku mbili juu ya mzigo akiogopa wezi. Alinishika mikono yote miwili, "aksanti mingi, baba, aksanti mingi", akanipikia ugali pembeni ya tela lake. Hadi leo akipita anapiga honi. Kuna mama tuliyemvuta na taksi yake ikiwa na mgonjwa ndani, pesa hakuwa nayo, sikumdai. Ukilisimamisha lori lililolala ubavu, likarudi kwenye matairi yake, watu wote waliokuwa wanatoa ushauri kando ya barabara hunyamaza ghafla. Hapo najiona fundi.

Ninachotaka ni askari. Nilikuwa nimeandika na mengine humu, habari ya taa za kona, zamu za brekidauni na ada ya yadi, nimeyafuta. Nipe askari. Kama wawili uliowaahidi ni wengi, mmoja anatosha, mwenye kurunzi na filimbi, asimame mita mia mbili kabla ya kona mpaka kijana atoke uvunguni. Kama gari la doria halina mafuta, nitampitia mwenyewe kituoni na kumrudisha, bure.

Brekidauni ikitoka yadi, simu itapigwa tena usiku, na nitakwenda. Naomba safari hiyo askari awe na mimi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa brekidauni
(namba ya gari utaikuta kwenye daftari la yadi)