Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Meli ya Afrika Magharibi

Ndugu wanachama, wazee wetu na wageni waalikwa, asanteni kwa kufika. Mambo ya kawaida nitayapitia haraka: hesabu atawasomea mhazini mwenyewe, ziara ya Ukerewe ilifanyika kama ilivyopangwa, na ada bado zinalipwa kwa kusuasua. Muda uliobaki ni wa swali ninaloulizwa kila nikikutana na mwanachama, iwe soko la Kirumba au kwenye foleni ya feri pale Kamanga: ile meli ya Afrika Magharibi imefikia wapi?

Mlituagiza tutafute meli inayopita nchi ambazo watalii hawajazijaza. Zipo, nazo ni meli ndogo ambazo kiangazi cha kusini huwa Antaktika, kisha kati ya Machi na Mei hupanda kwenda Ulaya, baadhi zikifuata pwani ya magharibi ya Afrika. Kamati inapendekeza Aprili, maana baada ya hapo mvua za Guinea na Sierra Leone hazina mchezo.

Njia nzima kutoka Cape Town tumeikataa. Siku nyingi ni bahari tupu, na mara nyingi safari inaishia Visiwa vya Canary, ambavyo ni Hispania. Yaani uhangaikie viza ya Schengen ili ushuke melini na kukimbilia uwanja wa ndege! Tunapendekeza tupande Ghana, tushukie Dakar. Najua waliotaka São Tomé watanuna, hasa wenye hamu ya kupiga picha kwenye alama ya ikweta kule kisiwani Rolas. Ndugu zangu, ikweta inakatiza ziwa letu hili hili la Victoria, na meli za mizigo za Port Bell huivuka bila sherehe yoyote.

Njia hiyo ina ngome ya Elmina, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1482, Kisiwa cha Bunce karibu na Freetown, na Kisiwa cha Kunta Kinteh katika Mto Gambia. Kote huko walipitishwa watu waliouzwa utumwani. Nimesisitiza tuchague ratiba isiyovirundika vituo hivi siku mfululizo, kwa sababu mtu akitoka kwenye shimo la Elmina anahitaji siku ya kukaa kimya.

Panaponivutia zaidi mimi ni Bijagós, Guinea-Bissau. Ni visiwa 88, vingi havina wakazi wa kudumu, na kisiwani Orango kuna viboko wanaoingia hadi maji ya chumvi. Gati la meli kama yetu hakuna. Meli inatia nanga mbali, mnashuka ngazi ya ubavuni hadi kwenye boti la mpira. Unashikana na baharia vigasha, unasubiri wimbi liinyanyue boti, ndipo unakanyaga. Ufukweni unashukia majini, suruali umeikunja magotini. Mama mmoja wa kamati akauliza, “Mwenyekiti, na sisi wa magoti ya kukopa?” Jibu ni kwamba halazimishwi mtu, anayetaka atabaki melini, ila fedha ya siku hiyo hairudishwi.

Wanachama wetu wavuvi wameomba watangulie Benin wakaone Ganvié, mji uliosimama juu ya nguzo katika Ziwa Nokoué. Wavuvi wa huko huchomeka matawi majini, samaki wakajificha na kunenepa humo, kisha wanazungushia nyavu. Benin haiwadai Waafrika viza, kwa hiyo sioni sababu ya kuwazuia.

Wapo kati yetu ambao hawajakanyaga meli tangu MV Bukoba ilipozama ziwani humu, 21 Mei 1996. Sitawashawishi kwa maneno matamu. Niseme tu kwamba tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka abiria wafanye zoezi la dharura kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka, na kamati itahakikisha kila mmoja wetu anajua jaketi okozi lake liko wapi.

Kuhusu gharama, kuna wakala alitupa bei nzuri mno. Tulipomhoji, ikawa ni bei ya mtu anayechangia chumba, na bakshishi za wahudumu hazimo. Wajane na wagane wetu wangelipia kitanda kisicholaliwa. Tumeachana naye. Hakuna atakayetoa kianzio kabla ya mkataba kusomwa mbele ya kamati.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Wenye kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 msichomwe tena, tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Pasipoti nazo zikaguliwe tarehe mapema.

Baada ya chai katibu atapitisha karatasi ya majina. Andika na jina la utakayelala naye chumba kimoja, na anayekoroma aseme leo.