Mkesha wa Krismasi tuachieni nyimbo tunazozijua wote

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari yenu ya kwaya za Krismasi, iliyodai kuwa nyimbo za Kilatini zinawatenga waamini, nimeshindwa kuinyamazia. Aliyeiandika hajasali mkesha kwenye parokia yenye watu wa kila lugha.

Yetu ni ya namna hiyo, hapa Dar es Salaam. Usiku wa mkesha, benchi moja utakuta familia ya Kirundi, masista kutoka India, mabaharia Wafilipino na wageni wa Msumbiji ambao Kiswahili chao ni cha kuombea maji. Jumapili zote za Majilio, yale majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, hatuimbi Utukufu, ule wimbo wa Misa wa kumsifu Mungu, kwa hiyo usiku ule watu huwa wanausubiri kwa hamu. Mwaka jana padri aliuanzisha kwa Kilatini, Gloria in excelsis Deo (Utukufu kwa Mungu juu), kwa ule mtindo wa zamani unaoitwa Misa ya Malaika. Kengele zikapigwa. Mama mmoja wa Kigoa mbele yangu, ambaye tangu Misa ianze kitabu cha nyimbo alikuwa amekipakata tu, akainua uso na kuitikia kwa sauti, et in terra pax hominibus (na amani duniani kwa watu). Mzee wa Msumbiji pembeni yake akadakia, masista wakapokea, na mimi nikasisimka mwili mzima. Hatukufika mbali. Mpiga kinanda akabonyeza ngoma zake, spika zikanguruma, na kwaya ikaingia na Utukufu mpya uliotungwa kwa ajili ya siku hiyo, ambao hata sisi wenye Kiswahili chetu hatukuwahi kuusikia. Yule mama akanyamaza. Tukasimama kusikiliza mpaka mwisho, huku mpiga video akituwashia taa machoni. Niliumia, na hadi leo naumia. Watu waliotoka mbali na kwao walikuwa wamepata pa kuingilia, wakafungiwa mlango usiku wa Noeli!

Mnaandika kana kwamba Kilatini kilifutwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, namba 54, unataka waamini waweze kusema au kuimba pamoja kwa Kilatini sehemu za Misa zinazowahusu. Mwaka 1974 Papa Paulo VI aliwatumia maaskofu kijitabu cha nyimbo nyepesi za Kilatini, Jubilate Deo, ili waamini wa mataifa mbalimbali wawe na cha kuimba kwa pamoja. Na anayesema huo ni uzungu aulize habari za Kamina, Kongo, ambako mwaka 1958 Misa ya Kilatini iliimbwa kwa mahadhi na ngoma za huko, ikaitwa Missa Luba.

Wala sing'ang'anii Kilatini peke yake. Wimbo wa Usiku Mtakatifu uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, kwa gitaa. Leo Mlutheri, Mwanglikana na Mkatoliki wanaweza kuuimba pamoja, kila mtu kwa lugha yake, na sauti isigongane.

Halafu hizo spika. Kanisa letu halina ukubwa wa kuhitaji spika ndefu kama mtu, na bado kila mwaka tunachangishwa za kuongezea. Michango ya sare mpya za kwaya nayo haiishi, ilhali noti za nyimbo hakuna anayezitolea nakala kwa walio mabenchini.

Ninachoomba kinawezekana. Kuanzia Jumapili ya Kristo Mfalme, ile ya mwisho kabla ya Majilio, baada ya matangazo, tufundishwe kwa dakika 10. Itolewe karatasi moja: upande mmoja Gloria, Sanctus (Mtakatifu) na Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu), upande wa pili Usiku Mtakatifu kwa Kiswahili, Kirundi, Kireno na Kiingereza. Usiku wa mkesha kinanda kizimwe hadi baada ya komunyo, na nusu ya wanakwaya wakae katikati ya watu. Utunzi mpya uimbwe wakati wa shukrani. Na ninyi mtumeni mwandishi wenu aje akae na wageni, aimbe nao, ndipo aandike.

Mwanakwaya wa zamani,
Dar es Salaam