Barua ya Wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Kilimanjaro: Kabla Hatujahesabu Mibofyo

YAH: KUPIMA USOMAJI WA WANAFUNZI KWENYE VISHIKWAMBI NA VITABU VYA KARATASI

Ndugu Afisa Elimu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua utaratibu ni barua kupitia kwa mkuu wa shule, na naomba radhi kwa kuruka ngazi. Nimeona niandike hadharani kwa sababu jambo lenyewe linagusa shule nyingi, kuanzia hizi za Pasua na Njoro mpaka za Kibosho na Uru, na walimu wenzangu nao wana la kusema.

Muhula huu shuleni kwetu walikuja vijana wawili na programu ya vitabu vya kidijitali. Kampuni yao siitaji. Vijana wazuri, wachangamfu, wamevaa nadhifu. Walituonyesha orodha ya wanafunzi, na mbele ya kila jina asilimia ya "ushiriki": kafungua kurasa ngapi, kakaa dakika ngapi, kapigia mstari mara ngapi. Kisha wakaleta mchoro. Nguzo ya kishikwambi ndefu, ya kijani. Nguzo ya kitabu cha karatasi fupi, ya kijivu. Nikauliza hizo takwimu za karatasi zimepatikanaje. Walimu walijaza dodoso, wakakadiria. Yaani upande mmoja mashine imehesabu kila kidole kilichogusa kioo, upande wa pili mwalimu amebahatisha huku akinywa chai ya saa nne, halafu vikawekwa kwenye mchoro mmoja.

Ripoti za namna hiyo zitafika mezani kwako, kama hazijafika. Ombi langu ni kwamba usizipokee mpaka kishikwambi na karatasi vimepimwa kwa kipimo kimoja, na kipimo hicho kiwe kile alichobaki nacho mtoto baada ya kufunga kitabu.

Nieleze kinachotokea darasani. Vishikwambi tunavyotumia ni vya walimu, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 tukagawiwa baadaye. Tunapakua kitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ni msaada mkubwa na haina malipo, kisha watoto wanne au watano wanazunguka kifaa kimoja. Anayekishika ni yule mwepesi. Yeye ndiye anayesukuma ukurasa, na anausukuma kwa kasi yake. Wa pili anamfuata kwa shida. Wa pembeni kabisa haoni maandishi, anaona mwanga wa dirisha kwenye kioo. Kengele ikigonga kifaa kinabaki mezani, ukurasa wa Baiolojia wa mmeng'enyo wa chakula uko wazi, na dakika zinaendelea kuhesabiwa mpaka kioo kizime chenyewe. Mashine itaandika kwamba hapo kulikuwa na msomaji mmoja mwenye bidii.

Hata mtoto akiwa na kifaa chake peke yake, dakika bado hazisemi kitu zenyewe. Vitabu vingi vya sekondari viko kwa Kiingereza. Dakika kumi kwenye ukurasa mmoja zinaweza kuwa za mtoto aliyezama kwenye somo, au za mtoto aliyekwama kwenye sentensi ya pili na anaona aibu kuuliza. Kwenye orodha ya wale vijana, watoto hawa wawili wana asilimia sawa.

Wenzetu walishapita hapa. Nchini Marekani kampuni ya CourseSmart, iliyouza vitabu vya kidijitali vya vyuo, ilileta kipimo cha ushiriki cha aina hii mwaka 2013, na miongoni mwa waliokijaribu ni Chuo Kikuu cha Texas A&M kule San Antonio. Ikaonekana kwamba mwanafunzi anayeandika noti zake kwenye daftari anaweza kupata alama ya chini ya ushiriki huku akifanya vizuri darasani, kwa kuwa mashine hailioni daftari. Kwa haki niseme kwamba kipimo hakikuwa bure kabisa. Watafiti Reynol Junco na Candrianna Clem walifuatilia wanafunzi 233, na mwaka 2015 wakachapisha kwamba kilibashiri kwa kiasi fulani alama za mwisho wa kozi, na kwamba muda ambao mwanafunzi alitumia kusoma ulikuwa dalili nzuri zaidi. Lakini huko kila mmoja alikuwa na akaunti yake. Sisi tunagombania chaja.

Kuhusu ufahamu wenyewe, uchambuzi mkubwa ninaoufahamu ulitoka mwaka 2018, wa Pablo Delgado na wenzake. Walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kuliko waliosoma kwenye kioo. Tofauti haikuwa kubwa, ila ilijitokeza zaidi kwa maandishi ya kutoa maarifa na pale msomaji alipobanwa na muda. Mtoto anayejiandaa na upimaji wa kidato cha pili anabanwa na yote mawili. Naomba tu usiuchukue utafiti huo kama hukumu ya Moshi. Haukuwauliza watoto wanaochungulia kifaa kimoja watano, wala wanaosoma kitabu kimoja watatu.

Wapo watakaokutajia Sweden, ambako mwaka 2023 serikali iliamua kutoa fedha za kurudisha vitabu vya karatasi madarasani. Ni kweli. Lakini kurudi kwenye karatasi kunahitaji karatasi iwepo, na mimi sijawahi kufundisha mkondo ambao kila mtoto ana kitabu chake. Sisemi hivyo ili kukipigia debe kitabu. Darasani kwangu yupo mwanafunzi mwenye ualbino ambaye herufi za kitabu hazioni vizuri. Kwenye kioo anazikuza anavyotaka na anasoma mwenyewe bila kusomewa. Huyo hahitaji utafiti, anahitaji kishikwambi chake.

Na karatasi nayo huacha kumbukumbu, mtu akijua pa kutazama. Kwenye kabati letu kuna nakala ya Baiolojia ya kidato cha pili iliyofungwa kwa selotepu mgongoni. Ukiifunga ukaitazama pembeni, pale vidole vinapofungulia, utaona theluthi ya kwanza imekuwa nyeusi kwa jasho na vumbi, katikati kuna mstari mmoja mweusi peke yake, na kurasa za mwisho ni nyeupe kama zilivyotoka kiwandani. Ule mstari wa katikati ni mchoro wa moyo, na kando yake kuna mishale ya penseli ya miandiko mitatu tofauti. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na hakuna dodoso lililowahi kunieleza wazi kiasi hicho ni wapi watoto wanaishia.

Ninachopendekeza ni kazi ndogo. Tuchukue mikondo miwili na sura mbili za kitabu. Sura ya kwanza mkondo A usome kwenye kioo na B kwenye karatasi. Sura ya pili tubadilishane, ili kama A wana vichwa vyepesi isionekane kwamba ni kifaa. Muda uwe sawa, na idadi ya watoto kwa kitabu iwe sawa na idadi yao kwa kifaa. Baada ya hapo kila kitu kifungwe, na kila mtoto aandike alichoelewa, kwa Kiswahili akitaka, maana hapa tunapima usomaji, siyo Kiingereza cha kujieleza. Kabla hatujasahihisha, kila mmoja ajitabirie alama. Hili si pambo: Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith wa Israel walionyesha mwaka 2011 kwamba waliosoma kwenye kioo walijiamini kupita walichokijua. Baada ya wiki mbili tuwaulize tena bila kuwataarifu.

Idadi ya mibofyo ibaki, siikatai, iwe safu mojawapo ya jedwali. Ningependa pia tuhesabu maswali wanayouliza watoto wakati wa kusoma na baada ya kipindi. Hayo huhesabika kwa peni na karatasi, na yanaonyesha kama mtoto anafikiri au anapitisha macho tu.

Nikipata ruhusa yako kabla ya likizo fupi, mikondo yangu miwili iko tayari, na mwenzangu wa Jiografia ameshakubali kusimamia usahihishaji ili nisipendelee. Karatasi za majibu tutachanga wenyewe. Kinachotukwamisha ni nakala za kitabu: tunazo chache mno kulingana na idadi ya wanafunzi. Kama kuna shule ya jirani yenye ziada, tunaomba kuazimwa kwa mwezi mmoja. Tutazifuata wenyewe kwa bajaji na tutazirudisha zikiwa zimevalishwa majalada.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Moshi.