Mwalimu wangu aliisifu fremu

Shikamoo Shangazi,

Ni saa kumi alfajiri, sijapata hata lepe la usingizi, kwa hiyo unisamehe nikichanganya mambo.

Picha yangu imekubaliwa kwenye maonyesho, ya kwanza maishani. Nilipeleka nne. Tatu nilizozihangaikia miezi na miezi zikarudishwa, ikachukuliwa ile niliyoichora siku mbili nikiwa na hasira, rangi nikiipaka kwa kisu badala ya brashi, halafu nikaigeuzia ukutani nisiione. Hilo nalo linaniuma, ila silo lililonileta.

Usiku wa ufunguzi, watu hata hawajajaa, dada wa ukumbi akaja na karatasi ya vidoti vyekundu, akabandua kimoja, akakibandika pembeni ya jina langu. Maana yake imeuzwa. Nimeviona vidoti hivyo kwenye picha za wenzangu mara ngapi! Nilikibonyeza kwa kidole nihakikishe kimeshika. Ukumbi unachukua asilimia 50, na wapo wanaosema nimeibiwa, lakini kumbi nyingi ndivyo zinavyofanya na nilisaini mwenyewe, tuyaache hayo.

Mwalimu wangu akaja. Ndiye aliyenishikisha brashi, Shangazi, miaka sita, na hakuwahi kunidai ada. Akasimama mbele ya picha, mikono nyuma, muda mrefu. Akasogea karibu. Mimi moyo unadunda. Kisha akasema, "Fremu nzuri. Umetengenezea wapi?" Basi. Akaenda kuchukua juisi.

Fremu! Na yenyewe ni ya ukumbi, si yangu.

Wenzangu wanasema ni wivu, eti yeye hajawahi kubandikiwa kidoti. Sitaki kuamini, mzee yule hana roho hiyo. Lakini kama si wivu ni nini? Na nieleweke, sihitaji sifa zake. Watu wasionijua wameisifu, mmoja ametoa hela yake. Nilitaka neno moja tu. Hata angeiponda ningeshukuru, kuliko fremu.

Labda nikutajie na hili, ingawa sidhani kama linahusiana. Mlangoni pamebandikwa wasifu wetu. Tuliombwa mistari mitano kila mtu, nami nikaandika "msanii aliyejifunza mwenyewe". Sikukusudia kumficha. Niliambiwa wanunuzi wanapenda watu wa namna hiyo, na mistari mitano ni michache, ukiweka hili unaacha lile. Sijui kama aliisoma. Ila miwani alikuwa ameivaa, nakumbuka.

Sasa nimpigie simu? Nikimpigia nianzie wapi? Maonyesho yamebakiza wiki mbili, naweza kuomba karatasi ibadilishwe, lakini mnunuzi ameshaisoma na dada wa ukumbi amenitambulisha kwa kila mtu kwa maneno hayohayo. Nitaonekana mwongo. Au ninyamaze tu? Huenda hakuiona, na fremu aliipenda kama mtu anavyopenda fremu.

Ukumbi unataka picha nyingine tatu kama ile, za kisu, kabla ya mwisho wa mwezi. Turubai nimeshaziandaa, zimeegemea hapa mbele yangu na sijazigusa. Kutumia kisu alinifundisha yeye.

Mimi mwanao,
Wa Fremu