Mvuvi mwenye kifafa asifukuzwe mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wavuvi, wachuuzi wa dagaa na matajiri wa mitumbwi, kuanzia Mwaloni Kirumba na Igombe hadi visiwani Ukerewe, Ziwa Victoria.

Mtu akianguka kifafa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, watu humkimbia. Wanaogopa povu, mkojo, hata ushuzi wake, wakiamini ukimgusa umeambukizwa. Kifafa hakiambukizi. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo, na huweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, jeraha la kichwa au tegu wa nguruwe aliyefika ubongoni. Povu ni mate ambayo mgonjwa hakuweza kuyameza. Likiwa na damu, ameng'ata ulimi.

Woga huo ndio unaowafanya vijana wafiche. Kijana anajua tajiri akisikia hatampandisha mtumbwini, basi ananyamaza, vidonge anaviacha nyumbani, anaingia ziwani na wenzake hawajui lolote. Dagaa nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza usio na mwezi, na giza likishika watu hukesha siku baada ya siku. Kukosa usingizi ni kichocheo kikubwa cha kifafa. Wanaosema ugonjwa huu huja na mwezi wangehesabu kwanza usiku ambao mvuvi hakulala.

Akishikwa mtumbwini, mlazeni katikati kwa ubavu, kichwa kikiwa juu ya nyavu au koti ili maji yaliyotuama chini yasimfikie puani. Sogezeni taa na nanga, mmoja akae upande wa ukingo. Msimkandamize wala msimtie kijiko mdomoni: taya limekaza, mtamvunja meno bure, na ulimi haumezwi. Msimnyweshe kitu mpaka azinduke kabisa. Tazameni saa. Kwa kawaida hutulia ndani ya dakika 2 au 3. Zikipita 5, au akirudiwa kabla hajazinduka, kimbilieni kituo cha afya. Akiangukia majini, mshikeni kwa nyuma, uso uwe juu ya maji, apandishwe mtikisiko ukitulia. Hata akisema yu mzima apelekwe hospitali, maana maji huenda yameingia mapafuni.

Dawa zipo. Kati ya wagonjwa 10, hadi 7 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitumia dawa inayowafaa, na mojawapo, fenobabitali, ni ya bei nafuu. Kinachoharibu ni kuikatisha ghafla: miezi 3 imepita salama, mtu anaona amepona, au kambi imehamia kisiwani na vidonge vimebaki mjini. Hapo anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hiyo huua. Anayekwenda kisiwani wiki 2 abebe vidonge vya wiki 3, kwenye kichupa kisichopitisha maji. Kupunguza dawa ni kazi ya daktari, kwa kawaida baada ya miaka 2 au zaidi bila kuanguka, na hupunguzwa taratibu.

Nanyi matajiri, kijana huyo msimfukuze, mpeni kazi ya nchi kavu. Nyavu zinahitaji kushonwa, dagaa wanahitaji kuanikwa na kufungashwa, na mizani inahitaji mtu mwaminifu. Ila asikae kwenye tanuri la kubanikia samaki wala kwenye karai la mafuta ya moto. Na akiangukia motoni, mvuteni mara moja, kwa mikono yenu.

Mhudumu wa afya,
Ilemela, Mwanza